Nani Huyo Anayepuliza?

Wanangu, leo nawasimulia habari ya mpuliza tarumbeta aliyeweka dau juu ya masikio yake mwenyewe.

Jina lake Roy Eldridge. Alizaliwa mwaka 1911 mjini Pittsburgh, Marekani. Alikuwa mfupi wa kimo, basi wanamuziki wenzake wakambatiza Little Jazz, lakini akishalishika tarumbeta hakuna aliyekumbuka kimo chake. Alilipandisha hadi sauti za juu kabisa, kwa kasi na kwa ukali, na Dizzy Gillespie, ambaye baadaye alikuja kuugeuza muziki wa jazi, alianza ujana wake kwa kumwiga yeye.

Miaka ya 1940 Roy alikuwa miongoni mwa weusi wachache waliopiga katika bendi za wazungu, kwanza ya Gene Krupa, kisha ya Artie Shaw. Akiwa jukwaani watu walimshangilia. Akishashuka, mambo yalibadilika: hoteli walizolala wenzake zilimkataa, na kupata mahali pa kula kulikuwa kazi. Siku moja alizuiwa mlangoni pa ukumbi ambao jina lake lilikuwa limebandikwa nje kwa herufi kubwa. Mtu mzima yule alilia. Mwaka 1950 alikwenda Ulaya, akabaki Paris hadi mwaka uliofuata, na huko akapumua kidogo.

Alirudi nyumbani na imani moja: kwamba akisikiliza santuri, bila kuambiwa lolote, atajua kama anayepiga ni mtu mweusi au ni mzungu. Akamweleza hivyo Leonard Feather, na Feather akakubali dau.

Huyu Feather alikuwa Mwingereza, mzaliwa wa London wa mwaka 1914, aliyehamia Marekani kwa mapenzi ya muziki huu na kuuandikia magazeti. Mwaka 1946, katika jarida la Metronome, alianzisha mchezo wa kufumbwa macho. Hakufungwa mtu kitambaa, ingawa jina la mchezo linasema hivyo. Ilitosha mgeni aliyealikwa kusikiliza asionyeshwe jalada la santuri. Mgeni wake wa kwanza alikuwa Mary Lou Williams, mama mpapasa piano na mtunzi hodari. Kazi ya mgeni ilikuwa kusikiliza, kukisia ni akina nani wanaopiga, kueleza anauonaje muziki wao, na kuipa santuri nyota, bora kabisa ikipata tano. Baadaye Feather aliuhamishia mchezo wake katika jarida la DownBeat la Chicago, na huko ukaendelea miaka na miaka.

Kwa nini taabu yote hiyo? Kwa sababu jina hufika masikioni kabla ya sauti. Ukiambiwa kwamba unayemsikiliza ni bingwa, utaanza kutikisa kichwa mapema, na hata akikosea utaliita kosa lake ufundi. Ukiambiwa ni fulani asiyejulikana, utapiga miayo hata kama anapiga vizuri. Nimewaona watu wazima wenye makabati yaliyojaa santuri wakifanya hivyo hivyo.

Basi Roy akakaa, Feather akaweka santuri moja baada ya nyingine. Nyingine za weusi, nyingine za wazungu, nyingine wamechanganyika. Roy alisikiliza, akakisia, akasita. Mwisho wa yote, alizokosa na zile alizoshindwa kuamua zilizidi alizopata. Na hapa ndipo ninapompenda mtu huyu: hakugeuza maneno, hakumlaumu aliyechagua santuri. Alikiri kwamba kwa kusikiliza peke yake mtu hawezi kujua, na DownBeat ikayachapa hayo mwaka 1951 wasome wote.

Msinielewe vibaya. Jazi ilizaliwa na Wamarekani weusi, kule New Orleans na kwingineko, na jaribio la Roy halikuwanyang'anya urithi huo. Wala halikufuta machozi yake ya pale mlangoni. Lilichoonyesha ni kwamba ufundi husafiri kwa masikio, kwa pumzi na kwa vidole. Kijana aliyekaa miaka mingi na santuri za Louis Armstrong, akazirudia hadi midomo ikamuuma, atabeba kitu cha Armstrong katika upulizaji wake, awe wa rangi yoyote. Ngozi haina sauti.

Lakini kama rangi haisikiki, mbona kuna wapenzi wa jazi wanaomtaja mpigaji kabla wimbo haujakolea? Hapa ndipo utamu ulipo. Mnajua kikohozi cha babu gizani, hata kabla hajasema neno. Wapigaji nao wana vikohozi vyao.

Msikilizeni Miles Davis anapoweka kizibo cha chuma mdomoni mwa tarumbeta na kusogea karibu na maikrofoni: sauti inakuwa nyembamba kama inasema siri, na kati ya sentensi na sentensi anaacha kimya kirefu ambacho mpulizaji mwingine angekijaza. Ben Webster, katika nyimbo za polepole, humaliza noti lakini pumzi haiishi. Hewa yake mnaisikia ikiendelea kupita katika saksafoni baada ya sauti kwisha. Sidney Bechet hutetemesha sauti kwa upana kiasi kwamba huhitaji hata nusu dakika kumjua. Johnny Hodges, wa bendi ya Duke Ellington, haikanyagi noti moja kwa moja, huitelezea kutoka chini. Billie Holiday huchelewa kuimba neno, dramu na besi vikawa vimetangulia, na bado hufika mahali pake salama. Wes Montgomery wa Indianapolis hucharaza gitaa kwa dole gumba, ndiyo maana nyuzi zake zinasikika laini. Na Thelonious Monk, mpapasa piano wa ajabu, hubonyeza noti mbili zilizo jirani kwa pamoja, zikagombana, kisha husimama mahali ambapo kila mtu alitarajia aendelee. Mkishamsikia Monk kwa wiki moja hamtamsahau.

Santuri yenyewe nayo hutoa ushahidi. Wimbo ukiisha baada ya dakika tatu hivi, huenda ni wa enzi za zile santuri nzito zilizozunguka mara 78 kwa dakika, ambazo hazikuweza kubeba zaidi. Santuri ndefu zilianza kuuzwa mwaka 1948. Mkisikia sauti imekauka kama inatoka ndani ya bomba, na ngoma kubwa haipo kabisa, fikirieni miaka ya kabla ya 1925. Wakati huo hapakuwa na maikrofoni studioni; wanamuziki walipiga mbele ya pembe kubwa iliyosukuma sindano, na kishindo cha ngoma kubwa kingeweza kuirusha sindano hiyo. Ngoma ikaachwa nje.

Kuna wanaotambua hata chumba. Rudy Van Gelder alikuwa mtaalamu wa kupima macho huko New Jersey, na baada ya kazi alirekodi wanamuziki katika sebule ya wazazi wake, mjini Hackensack, mpaka alipojenga studio yake mwaka 1959. Msikilizaji mzoefu huisikia piano ya kwa Van Gelder na kusema: hii ni yake, sasa tumtafute mpigaji.

Wakati mwingine wanamuziki wenyewe ndio waliojificha. Tarehe 15 Mei 1953 mabingwa watano walipiga pamoja katika ukumbi wa Massey Hall, mjini Toronto, Kanada: Charlie Parker, Dizzy Gillespie, Bud Powell, Charles Mingus na Max Roach. Viti vingi vilikuwa vitupu, kwani usiku huohuo Rocky Marciano alikuwa anapigana na Jersey Joe Walcott na watu walitaka kufuatilia ngumi. Parker alipuliza saksafoni ya plastiki. Santuri ilipotoka, jina lake halikuwamo; aliandikwa Charlie Chan, kwa sababu alikuwa amefungwa na mkataba wa kampuni nyingine. Chan lilikuwa jina la mama wa watoto wake. Mpenzi wa jazi aliyeisikia kwa makini hakudanganyika. Plastiki au shaba, vidole vilikuwa vilevile.

Wapenzi wa kawaida hucheza mchezo huu kwa namna yao. Mmoja hukusanya nyimbo kumi na kitu, akaepuka zile zinazojulikana na kila mtu, akawapa wenzake bila majina. Kila mtu husikiliza kwa siku zake, kisha wanaanza kubishana, na mabishano hayo kwangu ndiyo mchezo wenyewe. Mmoja atadai tarumbeta hilo ni la Clifford Brown. Wa pili atapinga: Clifford alifariki katika ajali ya gari mwaka 1956, na hapa sauti imegawanywa kushoto na kulia, nazo santuri za namna hiyo zilianza kuuzwa mwaka 1958. Wa tatu atasema basi tumfikirie Lee Morgan, kijana aliyewahi kufundishwa na Clifford huyohuyo. Hata wakikosa wote, wameshamsikiliza mpulizaji kwa makini kuliko mtu aliyesoma jina lake na kuendelea na shughuli zake.

Baadhi ya wageni wa Feather nao walisema kwa ukali. Mwaka 1964 Miles Davis aliwekewa Caravan, wimbo ambao Duke Ellington aliurekodi na Mingus na Roach, akasema waziwazi kwamba Duke na wawili hao hawafai kupiga pamoja. Mimi sikubaliani naye. Ule mvutano wao ndio unaonivuta. Ila alisema alichokisikia na kwa nini, na hilo namheshimu.

Sasa kuna santuri moja ambayo nyie mkiwekewa mtakuwa na faida kubwa kuliko wajuzi wengi wa huko Chicago. Novemba 1960, mjini New York, mpapasa piano Randy Weston alirekodi Uhuru Afrika. Maneno yaliandikwa na mshairi Langston Hughes, na mtu wa Tanganyika, Tuntemeke Sanga, akayasema kwa Kiswahili katikati ya ngoma. Nchi nyingi za Afrika zilikuwa zimetoka kupata uhuru mwaka huohuo, Tanganyika ikiwa bado inausubiri. Serikali ya ubaguzi ya Afrika Kusini iliipiga marufuku santuri hiyo.

Na kwetu Afrika Mashariki? Bendi zetu za zamani zilijiita jazi ingawa muziki wao ulikuwa wa magitaa, wenye damu ya Cuba na ya Kongo. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake: Western Jazz walikuwa na Saboso, Tabora Jazz na Segere Matata, Nuta Jazz na Msondo. Wazee waliocheza enzi hizo wanaweza kuitaja bendi kwa gitaa la solo tu, mwimbaji akiwa hajafungua kinywa. Waulizeni, nao watafurahi kuulizwa.

Kisha chezeni nyumbani. Mmoja achague nyimbo sita, azichanganye za zamani na za sasa, za mbali na za hapa, na asiseme chochote. Zimeni programu za simu zinazotaja jina la wimbo. Sikilizeni kila wimbo mara mbili, kila mtu aandike alichosikia na mawazo yake kabla hajamsikia mwenzake, ndipo mjadiliane. Na yule anayejua majibu asicheke wala kukonyeza mpaka wa mwisho amalize kusema.