Kujitolea Kusiwe Shokoa

Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yaliwalazimisha wenye migodi kuandaa kila mwaka mpango wa kuwasaidia wananchi. Mwenye karakana Geita au mashine ya mpunga Kahama hakulazimishwa. Lakini naye ana majirani.

Nguvu ya mikono mingi si ngeni kwetu. Kuanzia mwaka 1986, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, wanavijiji walizifufua ngitili zao.

Basi tajiri mdogo naye aketi na wafanyakazi wake, wachague pamoja kazi moja, kama kutengeneza madawati ya shule, na siku moja ya mwezi. Ujira wa siku hiyo usikatwe, wala asiyeweza asionewe. Kujitolea kwa amri ni shokoa.