Taa ya wese ikiwaka, una kilomita ngapi kabla ya aibu?

Wiki hii tuyaweke kando kidogo mambo ya nani kamwacha nani, tuingie kwenye ndinga. Najua wapo watakaosema haya ni ya mafundi na madereva. Subiri kwanza. Wewe unayetesa na IST ya kuazima pale Kirumba, na wewe dada unayepewa lifti kila Ijumaa halafu unaishia kusukuma gari na viatu vya mchuchumio, hii inawahusu.

Kisa chenyewe kilinipata Jumamosi moja nikiwa dereva wa msafara wa posa. Mshikaji wangu, jina nalihifadhi maana sasa ni mume wa mtu, alipata mchumba Musoma. Wakwe wakasema tufike saa nne kamili asubuhi, si saa nne ya Kiswahili cha harusi. Tukaazima IST ya shemeji yangu, tukajipakia watano: mimi kwenye usukani, bwana harusi mtarajiwa, baba yake mdogo ambaye ndiye mshenga, na dada zake wawili. Nyuma kreti za soda, vitenge, na blanketi la bibi. Saa kumi na mbili asubuhi tukaiacha Buzuruga.

Mafuta? Tuliweka ya elfu thelathini. Tulikuwa tumechacha, hela yote iko kwenye bahasha ya wakwe. Lakini shemeji alinipa neno la kunituliza: "Hiyo taa ya njano ikiwaka usitetemeke, bado una kilomita 80 kamili. Mimi ndiyo gari yangu, naijua."

Tulipoipita Magu kidogo, taa ikawaka. Nikabonyeza mita ya safari isome sifuri, nikakanyaga. Tulipofika Lamadi vituo vya mafuta vikawa vinatutazama, na mimi navitazama. Baba mdogo akasema, "Kijana, muda unakwenda, si umesema 80? Bunda si hapo tu." Nikapita. Mita ilikuwa inasoma 50 na ushee.

Ilipogonga 63, gari likakohoa mara mbili, likanyamaza.

Kwa wasioijua njia hiyo, ukishatoka Lamadi kwenda Bunda unapita jirani kabisa na hifadhi ya Serengeti, upande wa geti la Ndabaka. Mkono mmoja ziwa, Ghuba ya Speke, mkono mwingine mbuga. Wanyama wanavuka barabara bila kuuliza. Dada mmoja aliposema tushuke tusukume, baba mdogo alipandisha kioo taratibu, akafunga na mlango. Hakuna aliyesukuma.

Wakati tunamsubiri kijana wa bodaboda atuletee petroli ya chupa kutoka Lamadi (kwa bei ambayo siiandiki hapa, mama yangu anasoma gazeti hili), nikawasha gari kujaribu bahati. Yule dada wa Kijapani anayeongea ndani ya haya magari yetu ya mtumba akasema maneno yake. Baba mdogo akauliza, "Huyo binti anasemaje?" Nikamwambia labda ndiye aliyekuwa anatuonya mafuta yanaisha, ila hatukumwelewa. Baadaye nikaja kujua anachosema siku zote ni kwamba hujaweka kadi ya kulipia barabara za kule Japani. Maskini, wese hata halimhusu.

Tulifika Musoma saa tano na robo. Faini ya kuchelewa, laki moja taslimu. Hiyo tulilipa. Kilichotuumiza ni bibi wa binti, kazee kamekaa kwenye mkeka, kakauliza mbele ya ukoo mzima: "Mwanamume asiyejua mafuta yamebaki kiasi gani kwenye gari lake, atajuaje unga umebaki kiasi gani nyumbani kwake?" Kikao kikazizima. Baba mjomba wa binti akasema basi suala hili lijadiliwe upya, mje mwezi ujao. Mshikaji alirudi Mwanza hajala hata sambusa.

Ndipo nikaapa kuijua hiyo taa.

KUMBE NI BOYA TU

Nilikwenda kwa fundi mmoja mitaa ya Mabatini, akanifungulia kiti cha nyuma cha IST, akatoa pampu ya mafuta nzima. Pembeni yake kuna waya mrefu, na mwisho wa waya kuna kidude cheusi kama gunzi. "Hili ndilo geji lako," akasema. Ni boya, ndugu zangu, kama la nyavu za wavuvi wa Igombe. Mafuta yakipanda linapanda, yakishuka linashuka, na ule waya unaburuta kijisahani juu ya kipande chenye ukinzani wa umeme. Mshale wa kwenye dashibodi unasoma huo umeme. Mafuta yenyewe hauyaoni.

Sasa angalia mambo yanavyoharibika. Tenki la gari si ndoo. Limepindapinda likwepe ekzosi na tairi, kwa hiyo nusu kwenye mshale si lazima iwe nusu kwenye tenki. Ukijaza mpaka juu, boya linagota kwenye paa la tenki, na linabaki limegota hata ukishatembea kilomita kadhaa. Ndiyo maana mshale unakaa kwenye "F" kwa maringo, halafu ukishavuka nusu unakimbia kama kibaka wa stendi. Ongeza sahani zinazochakaa kwa uchafu na salfa ya kwenye mafuta, na tenki lililobonyezwa na jiwe la barabara ya vumbi. Magari mengine, hasa ya zamani, taa haitegemei hata boya: kuna kijidude kinachopoozwa na mafuta, yakikiacha wazi kinapata joto na taa inawaka.

Na mji wetu ni wa mawe na milima. Panda Isamilo au Bugando na robo tenki: mafuta yote yanakimbilia nyuma, boya linachanganyikiwa, taa inawaka. Teremka mpaka Makoroboi, taa inazimika. Ukimpa mtu lifti anadhani gari lako lina mashetani. Hata watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana mshale umetengenezwa uwe mzito kuitikia, usicheze kila ukikata kona. Kwa hiyo ukisimama mlimani usiamini taa. Iamini ukiwa tambarare, gari limetembea dakika chache.

Nikaamua kupima mwenyewe. Njia ni rahisi, hesabu za darasa la nne. Tafuta ujazo wa tenki la gari lako. IST ile ya kwanza ni lita 45. Taa ikiwaka, usiendelee na ujasiri. Nenda sheli ileile, pampu ileile, jaza mpaka mpira ukate wenyewe mara ya kwanza. Ikiingia lita 38, maana yake taa iliwaka zimebaki 7. Nilifanya hivyo mara tatu kwa gari la shemeji, yeye akifurahi kurudishiwa gari limejaa bila kuuliza kwa nini. Mara mbili iliingia 38 na pointi, tambarare ya Nyegezi. Mara ya tatu taa ilikuwa imewaka nikiwa mlima wa Isamilo, ikaingia 34 tu. Lita nne za tofauti, gari lilelile.

Kwa hiyo shemeji hakusema uongo? Hakusema. Yeye anaendesha peke yake, kwa upole, bila kiyoyozi, na anapata 80 zake. Mimi nilikuwa na watu watano, kreti za soda, kiyoyozi baridi kama la Njombe, na mguu mzito kwa sababu ya saa nne ya wakwe. Taa inahesabu lita. Kilomita unazihesabu wewe na mguu wako. Halafu kuna kijisehemu cha chini cha tenki ambacho pampu haikifikii, kwa hiyo hata hizo lita 7 si zote zako.

Jamaa wa Crown na Subaru mpya mpya watacheka: sisi dashibodi inatuandikia kabisa kilomita zilizobaki. Hongereni. Ila mjue hiyo kompyuta inachukua makisio ya lita zilizobaki, yanayotoka kwa boya lilelile, inazidisha kwa ulaji wa gari katika safari uliyotoka kuifanya. Inatabiri kesho kwa kutazama jana. Ukitoka Shinyanga kwenye lami iliyonyooka, mwendo wa 80, inakuandikia kilomita 90 unakenua. Ingia mjini, kaa kwenye foleni, panda Bugando, uone 90 inavyogeuka 40 hujamaliza hata wimbo. Magari mengine yanafika sifuri huku lita chache zimefichwa makusudi. Mengine yakikaribia mwisho yanaacha kabisa kuandika namba, yanaweka vistari tu, kama mtu anayekwepa swali. Usijue lako ni la aina gani kwa kujaribu karibu na Ndabaka.

Na hiyo tabia ya kuishi ndani ya taa, kama madereva wengi wa daladala wanaosubiri hesabu ya tajiri itimie ndipo waweke ya elfu kumi, ina gharama. Kwenye magari ya siku hizi pampu imo ndani ya tenki na inapozwa na mafuta yenyewe. Ikizoea kukaa kavu inachemka, na bei ya pampu unaijua. Dizeli ikikata kabisa ni balaa lingine, maana mfumo unavuta hewa na lazima itolewe ndipo injini iwake.

WENZETU WALIOKWISHA KUTUZIDI

Mwenye akili zaidi mjini ni wa bodaboda. Pikipiki nyingi zina kigeuzi cha rizevu chini ya tenki. Likikohoa, anainama, anageuza, anajua sasa anakula akiba, na ni wajibu wake kwenda sheli. Volkswagen zile za mgongo wa kobe, za kabla ya miaka ya 60, zilikuwa na mtindo huohuo na geji hazikuwa nayo. Kigeuzi hakina bahati nasibu, kasoro moja tu: ukisahau kukirudisha baada ya kujaza, siku likikohoa huna tena cha kugeuza.

Nilimuuliza pia nahodha mmoja pale Mwaloni Kirumba, anayepeleka mtumbwi wa injini visiwani. Geji hana. Ana madumu. Akaniambia la kwendea, la kurudia, na moja haligusi hata upepo ukiwa shwari. "Wewe mafuta yakikukatikia unashuka unasukuma," akasema. "Mimi nishuke wapi?"

Na usidhani ni sisi wa mtumba tu. Julai 23, 1983 ndege ya Air Canada, Boeing 767 mpya kabisa, iliishiwa mafuta angani ikitoka Montreal kwenda Edmonton. Geji zilikuwa mbovu, watu wakapiga hesabu kwa mkono, wakachanganya ratili na kilo. Ikapaa kama mwewe bila injini mpaka kwenye uwanja wa zamani wa Gimli, ikatua, wote 69 wakapona. Rubani wake alikuwa na uzoefu wa kurusha ndege zisizo na injini. Mimi uzoefu nilionao ni wa kupiga simu kwa bodaboda.

Tulirudi Musoma mwezi uliofuata. Safari hii tenki lilijaa kutoka Igoma, tukafika saa tatu na nusu, tukakaa nje ya geti nusu saa nzima tukiogopa kuonekana tuna njaa. Yule bibi alipotuona akauliza kwanza mafuta, ndipo akapokea salamu na blanketi. Mahari ikapokelewa, faini yetu haikurudishwa.

IST niliirudisha jioni ya Jumapili. Kwa nia njema nilikuwa nimeandika kikaratasi nikakibandika pembeni ya mshale: "Taa = lita 7. Kilomita 80 ukiwa peke yako, 60 ukiwa na wakwe." Shemeji akakisoma, akakibandua palepale. Akasema kinamshushia gari bei.