Kurudi kwa wazazi si talaka: Fahamu sheria ya ndoa

Mke akirudi kwa wazazi wake na watoto, au mume akihamia mjini na kukata mawasiliano, ndoa yao bado ipo kisheria. Hata wazee wa pande zote mbili wakikubali waachane, ndoa ya kimila, ya kanisani au ya kiserikali huvunjwa na mahakama pekee. Ndoa za Kiislamu hufuata sheria ya Kiislamu.

Wakazi wengi wa Murang'a hulitambua jambo hili wakiwa wamechelewa, mmoja wao anapofariki na yule waliyetengana naye miaka mingi anajitokeza kudai urithi kama mke au mume halali.

Sababu za talaka

Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua uzinzi, ukatili, kutelekezwa kwa angalau miaka 3, na ndoa kuvunjika kiasi cha kutorekebishika. Ukatili si kipigo tu. Mateso ya kiakili pia huhesabiwa. Katika ndoa ya kiserikali, kutengana kwa angalau miaka 2 ni dalili mojawapo kwamba ndoa imevunjika. Anayeomba talaka ndiye anayepaswa kuleta ushahidi.

Pa kuanzia

Ombi huwasilishwa katika mahakama ya hakimu. Kaunti hii ina mahakama Murang'a mjini, Kangema, Kigumo na Kandara. Beba cheti cha ndoa. Walioolewa kimila wanapaswa kuwa wamesajili ndoa yao kwa Msajili wa Ndoa.

Wazee bado wana nafasi. Wanandoa wa kimila wanaweza kusuluhishwa kwanza, na msuluhishi akatoa ripoti kwa mahakama.

Mali na watoto

Mwaka 2023, Mahakama ya Juu ilieleza kuwa mali haigawanywi nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja hupata kulingana na mchango wake, na mchango si pesa tu: kulea watoto, kazi za nyumbani na za shamba pia huhesabiwa. Kuhusu watoto, Katiba inawapa wazazi wote wawili jukumu sawa la malezi, wawe wameoana au la.

Ukiwa hatarini

Usingoje talaka. Sheria ya mwaka 2015 ya Kulinda Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani inakuruhusu kuomba amri ya ulinzi mahakamani. Piga ripoti katika dawati la jinsia la kituo cha polisi kilicho karibu, au piga simu 1195 bila malipo.