Saa ya Dhahabu ya Enzi za Kahawa

Kila Desemba, Wachaga wanaporudi mlimani kula Krismasi, makabati ya wazee hufunguliwa. Hutoka vyeti vya ubatizo, stakabadhi za chama cha msingi, picha zilizopauka, na mara nyingine saa ya mkononi yenye rangi ya dhahabu, iliyosimama tangu enzi za Mwalimu. Mabishano huanza hapohapo sebuleni: ni dhahabu kweli au ni ya kuchovya? Januari ikiingia na ada za shule, baadhi ya saa hizo hushuka Moshi mjini kutafuta mnunuzi.

Si ajabu zikawepo. Kahawa ya arabika ilipandwa Kilema na wamisionari Wakatoliki mwishoni mwa karne ya 19. Wakulima wakaungana mwaka 1925 katika chama cha KNPA, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Bei ilipopanda baada ya Vita Kuu ya Pili, fedha za kahawa zikageuka mabati, madarasa na, kwa wachache, saa kutoka Uswisi. Nchi ilikuwa chini ya Waingereza wakati huo, kwa hiyo saa nyingi zilipita kwao kwanza. Jambo hilo litatufaa punde.

Mtu akiokota saa ya namna hii huuliza kwanza kama ni dhahabu. Kwangu mimi hilo ndilo swali jepesi kuliko yote, na sonara yeyote mwenye jiwe jeusi na chupa ya tindikali hulijibu kwa dakika chache. Hukwangua kidogo, hudondosha tindikali kwenye alama iliyobaki juu ya jiwe, kisha hutazama. Shaba huyeyuka na kupotea, dhahabu ya karati za juu hubaki. Sumaku, ambayo wauzaji wa mitaani hupenda kuionyesha kwa madaha, haithibitishi kitu: dhahabu hainaswi na sumaku, lakini hata shaba ya njano hainaswi.

Uzito unasema zaidi. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu safi ina gramu 19.3. Dhahabu ya karati 18 iko kwenye 15 na ushei, shaba ya njano ni kama 8.5 tu. Ndiyo maana saa ya dhahabu halisi hukaa mkononi kwa namna yake. Ila usipime saa nzima ukajidanganya, maana ndani kuna mashine ya shaba na chuma, na mbele kuna kioo. Kinachopimwa ni bodi tupu, fundi akishaitoa mashine.

Kabla ya tindikali, soma. Saa ya kweli huandikwa. Namba 750 maana yake karati 18, yaani sehemu 750 za dhahabu katika 1000. 585 ni karati 14. Uswisi iligonga kichwa cha mwanamke, Helvetia, kwenye bodi za karati 18, na kindi kwenye za karati 14, hadi mwaka 1995 walipobadili na kuweka kichwa cha mbwa. Basi ukiletewa saa inayodaiwa kuwa ya 1958 huku ina kichwa cha mbwa, mrudishie mwenyewe kwa heshima.

Waingereza nao walikuwa na mtindo wao. Waliingiza mashine za Kiswisi na kuzivika bodi za kwao. Kampuni ya Dennison ya Birmingham, iliyofungwa mwaka 1967, ilitengeneza bodi kwa ajili ya Omega, Longines na hata Rolex. Muhuri wa Birmingham ni nanga, wa London ni kichwa cha chui, na kando yake huwekwa herufi ya mwaka. Ukiwa na jedwali la herufi hizo, bodi inakutajia umri wake yenyewe. Nyingi ni za karati 9, yaani asilimia 37.5 tu ndiyo dhahabu. Bibi harusi wa Mombasa au Unguja aliyezoea bangili za karati 22 ataicheka, lakini kisheria ni dhahabu halali, na saa yenyewe si feki.

Tena usiwadharau waliochovya. Maneno "Plaqué or" au "20 microns" nyuma ya bodi yanakiri wazi kwamba dhahabu ni utando wa unene wa sehemu 20 za elfu ya milimita, chini yake kuna metali nyingine. Tazama pembe zinazoshika mkanda, ambako jasho na shati husugua kila siku: utando ukiisha, weupe au wekundu hujitokeza. Anayeiuza saa hiyo na mwandiko wake ni muuzaji mkweli, hata kama mitaani wanaiita feki. Mwongo ni yule anayeufuta huo mwandiko.

Sasa tufike penye kazi yenyewe. Saa nyingi za kale zinazomtia mnunuzi hasarani zina dhahabu halisi. Tatizo ni kwamba ni saa za kuungaunga: bodi ya huyu, mashine ya yule, uso uliopakwa rangi juzi, mishale ya saa ya tatu. Kila kipande ukikipima peke yake kinafaulu, ila vikikaa pamoja ni uongo. Sonara hawezi kukusaidia hapo, kwa sababu yeye anajua metali. Unamhitaji fundi saa, na unamhitaji afungue mfuniko wa nyuma mbele ya macho yako. Muuzaji akikataa saa isifunguliwe, biashara imeishia hapo, hata kama ni shemeji yako.

Ndani mna mengi ya kutazama. Mashine za Omega za katikati ya karne iliyopita zina rangi ya shaba nyekundu ambayo ni vigumu kuisahau, na juu yake zimechorwa jina, namba ya aina ya mashine na namba ya mfululizo inayoweza kulinganishwa na mwaka wa kutengenezwa. Mfuniko nao una namba ya muundo kwa ndani. Herufi ya muhuri ikisema 1956 na mashine ikasema 1971, kuna ndoa hapo iliyofungwa kwenye meza ya fundi. Katika Rolex za mfuniko wa kuzungushwa, namba ya mfululizo hukaa pembeni ya bodi, imefichwa na mkanda. Toa mkanda uione. Ikiwa imesuguliwa, uliza kwa nini.

Sikiliza pia. Mashine nyingi za miaka hiyo hupiga mara 18,000 kwa saa, yaani mara 5 kila sekunde, na mshale wa sekunde hutembea kwa vihatua vidogo vinavyokaribia kuteleza. Ukiuona unaruka mara moja tu kila sekunde, basi karibu hakika ndani kuna betri na kipande cha kwatzi, teknolojia iliyoingia kwenye saa za mkononi mwishoni mwa 1969. Siku hizi zipo programu za simu zinazosikiliza mapigo na kukuonyesha kama mashine ni nzima.

Uso wa saa ndio shahidi ninayempenda. Huko Mumbai kuna kazi kubwa ya kupaka upya nyuso za saa kuukuu, na wakusanyaji duniani wanazijua: rangi kali, herufi nene, vistari vya dakika visivyolingana, na neno "Swiss" chini limepinda au halipo kabisa. Tumia kioo cha kukuzia. Kiwanda cha Geneva hakikukosea nafasi kati ya herufi. Halafu fikiria mahali saa ilipoishi. Bodi za zamani hazikuzuia maji vizuri. Saa iliyokaa Kibosho au Marangu miaka 60, ikapigwa na masika ya Machi hadi Mei na ukungu wa Juni, halafu uso wake uwe mweupe bila doa? Hapana. Doa dogo la hudhurungi ni dalili njema.

Kuna jaribio moja la fizikia linalohitaji chumba chenye giza tu. Hadi miaka ya 1960 mishale iling'arishwa kwa radiamu, kisha ikaja tritiamu, ambayo hutambulika kwa herufi T pembeni mwa neno "Swiss" chini ya uso. Nguvu ya tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 12 na kidogo, hivyo saa ya 1965 imebakiwa na sehemu kama moja kati ya 30. Radiamu huchukua miaka 1600 kupungua nusu, lakini unga wa salfaidi ya zinki uliokuwa ukiwaka kwa ajili yake umeshachoka. Imulike saa kwa tochi ya simu kisha zima taa. Ikiwaka kijani kibichi kama ya dukani, mishale imepakwa upya. Na kwa kuwa radiamu yenyewe bado ipo, usikwangue uso huo wala kuupuliza. Baadhi ya wasichana waliopaka nyuso za saa New Jersey, wakichonga brashi kwa midomo, waliugua na kufa kwa sababu yake.

Kama unadhani mtu hawezi kughushi saa halisi, tazama Oman. Sultan Qaboos, aliyeshika madaraka mwaka 1970, aliwatunuku watu saa za Rolex zenye nembo ya jambia usoni, zilizoagizwa kupitia duka la Asprey la London. Nembo hiyo ndogo inapandisha bei mbali kuliko dhahabu yote iliyomo. Matokeo yake, walaghai hununua Rolex halali ya miaka ileile na kuichapa jambia. Tindikali ya sonara itasema kweli na bado utakuwa umetapeliwa.

Hesabu moja ya mwisho kabla ya kutoa fedha. Bodi ya karati 18 yenye gramu 15 ina dhahabu safi gramu 11.25, ya karati 9 yenye gramu 10 ina 3.75. Zidisha kwa bei ya gramu siku hiyo. Muuzaji akitaka chini ya hapo sana, muulize anakimbilia wapi. Akitaka mara tano, basi anauza jina na historia, na hivyo ndivyo vya kufungua na kukagua. Ukishainunua, mwambie fundi aisafishe mashine na aiache bodi kama ilivyo: kila anapoisugua ing'ae, anaondoa dhahabu, anazifanya pembe kuwa butu, na anafuta kidogokidogo ile mihuri uliyoisoma.