Ngao ya Injini

Njia iendayo toka Bukavu mpaka Mwenga na Kamituga hupanda milima na kushuka mabondeni. Toka Septemba hata Mei mvua hunyesha, na maji huchukua udongo, mawe yakabaki yametokeza kama meno. Wenye pikipiki hupita hapo na abiria, na magunia, hata na wagonjwa.

Tazameni pikipiki upande wa chini. Injini imefungwa katikati ya magurudumu mawili, na mafuta yake ya kulainisha yamo tumboni mwake, mahali pa chini kabisa. Gurudumu la mbele likirusha jiwe, jiwe hupiga papo hapo. Tumbo hilo si la chuma. Ni la alumini, kama sufuria, nalo hupasuka upesi.

Mafuta yakimwagika, hutokea nini? Ndani ya silinda pistoni hupanda na kushuka mara elfu kadhaa kwa dakika moja. Mafuta ndiyo yanayoitelezesha. Yakikosekana, vyuma husuguana, hupata joto kali, hutanuka, na pistoni hukwama. Basi mgonjwa amelala njiani.

Kwa hiyo fundi hufunga bamba la chuma chini ya injini. Hulitoboa matundu, kwa sababu injini nyingi za pikipiki hupozwa na upepo, na tope likijaa juu ya bamba huuzuia. Wengine hulifungua wakalitupa, ati lapiga kelele. Heri kelele! Jioni dereva mwangalifu huondoa tope kwa kijiti, hukaza skrubu, kisha huinama kutazama kama pana tone la mafuta chini.