Kambi ya Wanahewa ya Laikipia: Ilikotoka, Kazi Yake na Yanayomhusu Mkaazi

Mkaazi wa Nanyuki hahitaji kuangalia saa kujua kwamba mazoezi ya marubani yameanza. Ngurumo husikika kutoka upande wa kambi, madirisha hutikisika kidogo, na watoto walio njiani kwenda shule husimama na kuinua macho. Kwa wengi, hayo tu ndiyo wanayoyajua kuhusu Kambi ya Wanahewa ya Laikipia. Makala haya yanaeleza kambi hiyo ilitoka wapi, inafanya nini, na kwa nini mwenye ploti, mfanyabiashara na mzazi mwenye kijana aliyemaliza kidato cha nne wana sababu ya kuifahamu.

Ilivyoanza

Safari za ndege za kijeshi katika eneo hili zilianza kabla ya Uhuru. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, Waingereza walihitaji mahali pa kuwafunza marubani na wahudumu wa ndege za kudondosha mabomu, mbali na mapigano ya Afrika Kaskazini. Nyanda za juu za Kenya zilifaa. Kikosi kimoja cha mafunzo kiliwekwa Nakuru mwaka 1941, na mwaka 1942 kingine kikahamishwa kutoka Sudan hadi Nanyuki, ambako kiliendelea hadi 1943. Mji ulikuwa na pilkapilka nyingi za kivita siku hizo. Mbali na wanahewa, palikuwa na kambi kubwa ya mateka wa Kiitaliano, na Januari 1943 watatu kati yao walitoroka ili kuupanda Mlima Kenya, kisha wakarudi wenyewe kambini.

Baada ya Uhuru, Kenya iliunda jeshi lake la wanahewa tarehe 1 Juni 1964 kwa usaidizi wa Uingereza. Makao yake yalikuwa Eastleigh, Nairobi, na marubani wa kwanza walianza kujifunza kwa ndege ndogo za Chipmunk. Mwaka 1973, Dedan Gichuru akawa Mwafrika wa kwanza kuliongoza jeshi hilo.

Nanyuki ilipata umuhimu mpya nchi iliponunua ndege za kivita zenye kasi. Kuanzia 1978 Kenya ilipokea ndege 12 za F-5 kutoka Marekani, 10 za kiti kimoja na 2 za viti viwili kwa ajili ya mafunzo, na Nanyuki ikawa maskani yake. Miaka michache baadaye zilifuata ndege 12 za Hawk kutoka Uingereza, na karibu na mwaka 1990 ndege 12 za mafunzo aina ya Tucano.

Agosti 1982

Wazee wa Nanyuki bado wanaikumbuka Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982. Siku hiyo baadhi ya wanahewa walijaribu kuipindua serikali. Kambini Nanyuki, marubani walilazimishwa kwa mtutu wa bunduki kurusha ndege za kivita zilizobeba mabomu, kwa amri ya kwenda kushambulia Nairobi. Waliruka, lakini hawakuitekeleza amri hiyo. Waliyadondosha mabomu katika msitu wa Mlima Kenya na kurejea. Iwapo yangeangukia jiji lenye watu wengi, historia ya nchi hii ingesomeka vingine.

Jaribio hilo lilizimwa siku hiyo hiyo. Jeshi la Wanahewa lilivunjwa na kuundwa upya kwa jina la 82 Air Force, na lilirejeshewa jina lake la awali mwaka 1994. Kambi ya Nanyuki nayo ikaanza kuitwa Kambi ya Wanahewa ya Laikipia, jina linalotumika hadi leo.

Kwa nini Laikipia?

Swali hili huulizwa mara nyingi. Sehemu ya jibu ni anga. Nanyuki iko upande wa mlima unaopata mvua kidogo, hivyo kuna asubuhi nyingi zenye anga safi. Mashariki mlima wenyewe, wenye urefu wa mita 5,199, ni alama ambayo rubani huiona akiwa mbali. Kaskazini ni nyanda pana zenye watu wachache, ambako ndege inaweza kugeuka, kupanda na kushuka bila kupita juu ya miji mikubwa.

Hata hivyo, mahali hapa pana ugumu wake. Kambi iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Hewa nyepesi hupunguza nguvu ya injini na uwezo wa mabawa kuibeba ndege. Kwa hivyo ndege inayoruka au kutua hapa huhitaji kasi ya juu zaidi kwa takriban asilimia 10 kuliko pwani, na huhitaji pia barabara ndefu ya kurukia. Rubani aliyezoea kutua Nanyuki amejifunza kwa mwalimu mkali.

Rubani hufunzwaje?

Kijana anayetaka kuwa rubani wa kijeshi huanza kama mwanajeshi wa kawaida. Kwanza hupitia mafunzo ya maafisa katika Chuo cha Kijeshi cha Kenya, Lanet. Anayechaguliwa kwa urubani hurudi darasani kusoma hali ya hewa, injini, ramani, sheria za anga na mawasiliano ya redio. Baadaye huingia kwenye ndege ndogo ya mafunzo yenye usukani mara mbili, mwalimu akiwa kando yake au nyuma yake.

Hatua inayokumbukwa zaidi ni siku mwalimu anaposhuka na kumwacha mwanafunzi aruke peke yake. Baada ya hapo hujifunza kuruka usiku, kuruka ndani ya mawingu kwa kutegemea vipimo pekee, na kuruka sambamba na ndege nyingine. Anayefaulu huvishwa beji ya mabawa kifuani. Si wote wanaofika hapo. Waliofika hugawanywa: wengine huenda kwenye helikopta, wengine ndege za kubeba mizigo na abiria, na wachache ndege za kivita.

Wachache hao ndio huletwa kwenye ndege za kasi, na hapo mwili wenyewe hujaribiwa. Ndege ya F-5 ikikata kona kali, uzito wa kila kitu ndani yake huongezeka mara kadhaa. Mtu wa kilo 70 akizidishiwa mara tano huhisi kama ana kilo 350. Damu hukimbilia miguuni, na rubani asiyejua kukaza misuli na kupumua ipasavyo anaweza kuzirai. Ndiyo maana marubani huvaa suruali maalumu inayojaa hewa na kubana miguu na tumbo, na ndiyo maana mazoezi hayakomi hata baada ya kuhitimu.

Hii pia inajibu lalamiko la wakaazi kwamba ndege hiyo hiyo hupita tena na tena. Mara nyingi huwa rubani anafanya mizunguko: anashuka, magurudumu yanagusa barabara, anapaa tena bila kusimama. Kutua ni sehemu ngumu ya safari, na hakuna njia ya kukuzoea ila kukurudia.

Kazi ya kambi kwa taifa

Katiba, katika Kifungu cha 241, inavipa vikosi vya ulinzi jukumu la kulinda uhuru na mipaka ya nchi, na pia kusaidia mamlaka nyingine wakati wa dharura au majanga. Wanajeshi wa Kenya walipoingia Somalia Oktoba 2011 kupambana na Al-Shabaab, ndege za F-5 zilishiriki. Mafunzo ya angani Laikipia ndiyo yaliyotumika huko.

Jeshi la Wanahewa pia limetoa viongozi wakuu. Mwaka 2011 Jenerali Julius Karangi alikuwa mwanahewa wa kwanza kuwa mkuu wa majeshi yote. Jenerali Francis Ogolla, rubani wa ndege za kivita na mwalimu wa marubani, alishika wadhifa wa Mkuu wa Majeshi mwaka 2023, na akafariki pamoja na wenzake katika ajali ya helikopta Elgeyo Marakwet tarehe 18 Aprili 2024. Ajali hiyo iliwakumbusha Wakenya kwamba kazi hii ina hatari hata wakati wa amani. Mwezi uliofuata Meja Jenerali Fatuma Ahmed aliteuliwa kuwa Kamanda wa Jeshi la Wanahewa, mwanamke wa kwanza kuongoza mojawapo ya majeshi matatu ya nchi.

Tofauti zinazochanganya

Kambi ya Wanahewa ya Laikipia ni ya Jeshi la Kenya. Kikosi cha mafunzo cha Uingereza, kinachojulikana kama BATUK, kina kambi yake ya Nyati hapa Nanyuki, na hicho ni cha jeshi la nchi kavu la Uingereza. Aidha, kiwanja cha ndege cha Nanyuki kinachopokea watalii kutoka Wilson ni cha kiraia. Mwananchi mwenye swali au malalamiko atapoteza muda akiyapeleka asikohusika.

Vilevile, ulinzi ni jukumu la Serikali ya Kitaifa. Serikali ya Kaunti haina mamlaka juu ya kambi wala ratiba ya mazoezi. Jukumu la kaunti ni mipango ya ardhi, vibali vya ujenzi na uzoaji taka, na hapo ndipo mambo ya kambi na ya mkaazi hukutana.

Unachopaswa kujua kama jirani

Ujenzi: Kabla ya kununua ploti au kuinua ghorofa karibu na njia ya ndege, pata kwanza kibali cha kaunti. Majengo marefu na milingoti karibu na viwanja vya ndege huhitaji pia idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA. Anayeuza ploti hana uwezo wa kukupa idhini hiyo.

Taka: Taka zikitupwa ovyo huvuta korongo na mwewe. Ndege-mnyama mmoja akiingia kwenye injini anaweza kuiangusha ndege yenyewe, na inapoanguka haichagui paa. Tumia sehemu zilizotengwa.

Droni na taa za leza: Usirushe droni bila idhini ya KCAA. Usimulike ndege kwa leza, kwani mwanga huo unaweza kumpofusha rubani kwa muda anapotua.

Mipaka ya kambi: Hili ni eneo lililolindwa kisheria. Usiingie, usilishe mifugo ndani, na usipige picha.

Vyuma visivyojulikana: Mchungaji au mtoto akikuta kitu chenye umbo la risasi au bomu, asikiguse wala kukiuza kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Weka alama mbali nacho, uondoke na upige simu polisi kwa 999 au 112.

Kwa vijana na wazazi

Kila msimu wa usajili wa makurutu unapokaribia, matapeli hutokea. Wengine huvaa sare, wengine hudai wana jamaa kambini, na wazazi huuza ng'ombe au shamba ili kununua barua ya kujiunga. Barua hiyo huwa bandia, na kijana huishia kukamatwa langoni.

Ukweli ni huu: usajili wa KDF ni bure. Nafasi hutangazwa magazetini na katika tovuti rasmi ya jeshi, pamoja na tarehe na vituo. Katika matangazo ya miaka ya karibuni, anayeomba kujiunga kama afisa kadeti huhitajika kuwa Mkenya wa umri wa miaka 18 hadi 26, mwenye urefu usiopungua mita 1.60, alama nzuri za KCSE na afya njema. Wasichana na wavulana hukaribishwa sawa. Anayetamani urubani atilie mkazo Hisabati, Fizikia na Kiingereza akiwa bado shuleni.

Wala si lazima kila anayependa ndege awe rubani. Kila ndege inayopaa hutegemea mafundi wa injini na umeme, wahudumu wa rada, wazima moto, watabiri wa hali ya hewa na madaktari. Kijana aliyesomea ufundi katika chuo cha kiufundi cha hapa kaunti ana nafasi pia.

Mtu akikuomba pesa ili akuingizie mwanao jeshini, usilipe hata shilingi moja. Ripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu nawe au kwa chifu wako.