Ndege za Vita za Zamani na Sababu ya Watu Kuzipenda

Mtu asimamaye juu ya vilima vya Iveti, karibu na mji wa Machakos, na kuelekeza macho upande wa mbuga za Athi, haoni ajabu tena akiona ndege angani. Nairobi si mbali, na ndege kubwa za abiria hupita mchana na usiku, wala watoto hawainui vichwa kuzitazama. Lakini ikitokea ndege ya zamani yenye mabawa mawili, moja juu na jingine chini, ikipita polepole huku mtambo wake ukinguruma, hata mwenye haraka ya kwenda sokoni husimama akaangalia.

Katika nchi nyingi wako watu waliojitolea mali na muda wao ili ndege za namna hiyo zisipotee, hasa zile zilizotengenezwa kwa ajili ya vita. Huzitafuta mahali zilipoachwa kuoza, huzitengeneza upya, kisha huzirusha mbele ya watu katika maonyesho. Kenya nayo imeonja mambo hayo. Mwezi wa Novemba 2016, kundi la ndege za zamani liliondoka kisiwa cha Krete, katika nchi ya Ugiriki, likapita Misri, Sudan na Ethiopia, ambako marubani walizuiwa siku chache mahali paitwapo Gambela. Kisha likapita Kenya, Tanzania na nchi nyingine mpaka Cape Town, likafika mwezi wa Desemba. Tena mwezi wa Mei 2022, Majeshi ya Ulinzi ya Kenya yalifanya maonyesho ya ndege katika Uhuru Gardens, Nairobi, mahali ambapo bendera ya Kenya huru ilipandishwa mwaka 1963.

Wengi huuliza: kuna faida gani kurusha ndege kuukuu, hali zipo mpya zilizo bora kuliko hizo? Tena ndege ya vita ni chombo cha kuulia watu, yafaaje ishangiliwe? Maswali hayo yote mawili ni ya haki, na yafaa kujibiwa moja baada ya jingine.

NDEGE YA MBAO NA KITAMBAA

Katika ndege zilizosafiri mwaka 2016 zilikuwamo Tiger Moth za Uingereza. Ndege hii iliruka mara ya kwanza mwaka 1931, na baadaye zikaundwa zaidi ya 8,000. Haikuundwa ili ipigane, bali iwafundishe marubani wa vita. Wakati wa Vita Kuu ya Pili vijana wengi walijifunza urubani kwa ndege hizo katika Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe.

Mwili wa Tiger Moth ni mabomba ya chuma, na mabawa yake ni mbao zilizovikwa kitambaa cha kitani. Kitambaa hicho hupakwa dawa maalumu kama rangi, nayo ikikauka hukikaza kikawa kama ngozi ya ngoma. Panga la mbele linalovuta ndege ni la mbao nalo, limeunganishwa kwa tabaka za ubao na kuchongwa kwa ustadi. Mchongaji wa Wamunyu angelishika mara moja angetambua kazi ya fundi mwenzake. Mtambo wake una nguvu za farasi 130 tu. Hauwashwi kwa ufunguo, bali mtu husimama mbele akalizungusha panga kwa mkono, na asipoangalia laweza kumkata. Viti ni viwili, navyo viko wazi kwa upepo na mvua. Mwalimu hukaa mbele na mwanafunzi nyuma, na zamani walizungumza kwa mpira mrefu unaotia sauti masikioni, kama ule wa daktari wa kupimia kifua.

Hapo ndipo jibu la swali la kwanza linapoanza. Katika ndege ya kisasa kazi nyingi hufanywa na vyombo vilivyofichwa ndani ya masanduku, wala mtazamaji haoni kitu. Katika ndege ya zamani kila kitu kiko mbele ya macho: rubani akivuta fimbo, kamba ya chuma huvuta ubawa, na ndege hugeuka. Kijana anayetaka kuwa fundi aweza kuitazama kwa saa moja akaelewa jinsi kitu kizito kinavyopanda hewani.

Aweza pia kujifunza jambo linaloihusu nchi yake mwenyewe. Mji wa Machakos uko juu ya bahari kwa kadiri ya mita 1,600, na uwanja wa Wilson, Nairobi, karibu mita 1,700. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi kuliko ile ya Mombasa. Kwa hiyo mtambo hupata hewa kidogo ya kuchomea mafuta, na mabawa nayo hupata hewa kidogo ya kuyabeba. Jua likiwa kali, hewa huzidi kuwa nyepesi. Ndiyo sababu ndege yenye mtambo dhaifu huhitaji kukimbia mbali zaidi ardhini kabla ya kuruka, na rubani mwenye busara hupenda kuondoka asubuhi kungali baridi.

NDEGE ILIYOWALISHA KEYA

Swali la pili ni gumu zaidi, na jibu lake haliko katika mbao wala chuma. Liko katika mambo ambayo ndege hizo zilitenda. Yafaa kutoa mifano miwili, yote miwili ikiwahusu watu wa Kenya.

Mfano wa kwanza ni ndege iitwayo Dakota. Iliundwa Marekani kwa mfano wa ndege ya abiria iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1935, na wakati wa vita ziliundwa maelfu kwa maelfu. Ina mitambo miwili, na yaweza kubeba mzigo wa tani tatu hivi, au askari 28.

Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa ikiwafukuza Wajapani katika Bonde la Kabaw, nchi ya Burma, ambayo leo huitwa Myanmar. Ndani ya divisheni hiyo walikuwamo askari wa King's African Rifles, ambao watu wa kwetu waliwaita Keya, na Wakamba walikuwa wengi katika jeshi hilo. Mvua za masika ziligeuza njia zote kuwa matope, malori yakakwama, na malaria ikaenea hata bonde likaitwa Bonde la Mauti. Chakula na risasi havikuweza kufika kwa barabara. Vilifika kwa Dakota. Marubani walipita chini ya mawingu, katikati ya milima, nao wapakuzi waliokuwa nyuma wakasukuma mizigo mlangoni. Risasi na vitu vya kuvunjika vilishuka kwa miavuli. Mchele na unga viliangushwa hivyo hivyo, vikiwa katika magunia mawili moja ndani ya jingine, ili la ndani likipasuka la nje lizuie. Majeruhi nao walibebwa kwa ndege kwenda hospitali India. Mwezi wa Desemba 1944 divisheni ilifika Kalewa na kuvuka mto Chindwin.

Kwa mzee aliyekuwa huko, mlio wa Dakota ulikuwa na maana moja tu: leo tutakula. Katika nyumba nyingi za Ukambani wapo wajukuu ambao wasingezaliwa kama ndege hizo zisingefika. Vita hivyo havikuwa vyao, wala hawakuulizwa vianze au visianze. Lakini njaa yao ilikuwa yao, na ndege ile iliiondoa.

NDEGE ILIYOTUPA MABOMU MSITUNI

Mfano wa pili ni Harvard. Hii nayo ni ndege ya Marekani ya kufundishia marubani, yenye mtambo wa nguvu za farasi 600 hivi. Wapenzi wa ndege huitambua kabla ya kuiona, maana ina mlio mkali wa kukwaruza. Mlio huo hautoki katika mtambo peke yake. Panga lake huzunguka kwa kasi kubwa sana, hata ncha zake hufikia mwendo wa sauti yenyewe, na hewa hupasuka kwa kelele. Katika maonyesho ya Ulaya, Marekani na Afrika ya Kusini, Harvard hushangiliwa sana kwa ajili ya mlio huo.

Lakini mlio huo huo ulisikiwa Kenya kwa namna nyingine. Hali ya Hatari ilitangazwa mwezi wa Oktoba 1952. Kuanzia mwaka 1953 hata 1955, kikosi cha Harvard za jeshi la anga la Uingereza kilifanya kazi dhidi ya wapiganaji wa Mau Mau, kikiruka kutoka uwanja wa Mweiga, karibu na Nyeri. Ndege za kufundishia zilikuwa zimefungwa bunduki ya rashasha na mabomu madogo ya ratili 20. Baadaye zikaja Lincoln, ndege kubwa zenye mitambo minne, zikiruka kutoka Eastleigh, Nairobi, na kutupa mabomu ya ratili 500 na ya ratili 1,000 katika misitu ya Nyandarua, iliyoitwa Aberdare wakati huo, na ya Mlima Kenya. Misitu hiyo ilikuwa imetangazwa kuwa eneo lililokatazwa, na aliyeonekana humo aliweza kupigwa risasi. Ndege nyingine ndogo zilipita na vipaza sauti, zikiwataka waliomo msituni wajisalimishe. Hata tembo na faru waliumizwa na mabomu hayo.

Basi mtu mmoja wa Machakos aweza kusikia mtambo wa ndege ya zamani akamkumbuka babu yake aliyeletewa mchele Burma. Na mwingine wa Nyeri, akisimama kando yake, akamkumbuka nyanya yake aliyejificha chini ya mti. Wala hakuna hata mmoja wao anayekosea. Ndege haikuchagua kazi yake, walichagua wanadamu.

Jibu la swali la pili, basi, ni hili. Kuipenda ndege ya vita ya zamani si kuipenda vita, maadamu mwenye kuipenda anajua ilifanya nini na anakubali kuyasema yote. Anayesifu mlio wa Harvard bila kutaja Mweiga amesema nusu ya habari. Na anayetaka ndege hizo zote zivunjwe aangalie asije akavunja na ushahidi pia. Leo hakuna Lincoln hata moja duniani inayoruka. Zilizosalia ni chache mno, nazo zimesimama tu. Siku zitakapokwisha kabisa, atakayesema kwamba mabomu yale yalikuwa madogo hatakuwa na kitu cha kuonyeshwa.

MISS KENYA IKO WAPI?

Ndege ya kwanza kuandikishwa Kenya ilikuwa ya namna ya DH.51, iliyoundwa Uingereza na kiwanda cha de Havilland. Ya kwanza ya namna hiyo, iliyoundwa mwaka 1924, ilitiwa mtambo uliobaki kutoka Vita Kuu ya Kwanza, kisha ikatiwa mwingine wenye nguvu zaidi. Hiyo ya Kenya iliteremshwa Mombasa, ikawa ya John Carberry, mlowezi mmoja, ikapewa jina la Miss Kenya. Za namna hiyo ziliundwa tatu tu.

Mwaka 1965 ilipakiwa ndani ya ndege kubwa ya jeshi ikarudishwa Uingereza. Mafundi waliitengeneza, nayo ikaruka tena mwaka 1973. Mpaka leo inatunzwa Old Warden, kaskazini ya London, katika mkusanyiko wa ndege uitwao Shuttleworth, na watu hulipa kiingilio kuitazama. Haipasi kuwalaumu walioitunza, kwa kuwa bila wao ingalikuwa kuni. Lakini ni somo kwamba kitu kisichotunzwa na wenyewe hutunzwa na wengine, na hadithi yake pia husimuliwa na wengine.

HATARI YAKE

Isidhaniwe kwamba mchezo huu hauna hatari. Tarehe 22 Agosti 2015, huko Shoreham, Uingereza, ndege ya vita ya namna ya Hawker Hunter ilishindwa kumaliza mzunguko angani ikaanguka barabarani. Watu 11 walikufa, na wote walikuwa nje ya uwanja wa maonyesho. Hunter ni ndege ambayo Jeshi la Anga la Kenya nalo lilikuwa nayo, tangu miaka ya 1970. Baada ya msiba huo sheria za Uingereza zilikazwa, na ndege za zamani za jeti zikakatazwa kupinduka-pinduka juu ya nchi kavu. Kwa hiyo mtazamaji aambiwapo asimame nyuma ya kamba, asidhani anaonewa. Kamba hiyo imenunuliwa kwa maisha ya watu.

LA KUFANYA

Mwenye nafasi ya kwenda kwenye maonyesho na aende, na awachukue watoto. Awaonyeshe jinsi mabawa yanavyogeuka, na awaulize kwa nini panga ni la mbao. Kisha, wakirudi nyumbani, na awaulize wazee wa ukoo kama kuna aliyekuwa Keya, alikwenda wapi, na alikula nini huko. Nishani, picha na barua ya kuachishwa jeshi zisiachwe zikaliwa na mchwa darini. Zifungwe vizuri, na jina la mwenyewe pamoja na mahali alipotumikia viandikwe kwenye karatasi kando yake. Wazee wa siku zile karibu wote wamekwisha kwenda, na waliowasikia wakisimulia nao wanazeeka. Ndege yaweza kupewa mbao mpya na kitambaa kipya ikaruka tena, lakini habari ya mzee aliyekufa bila kuulizwa haina fundi wa kuirudisha.